Barua kwa Bi Fundi: Ofisi wazi, masikio wazi

Barua za paa linalovuja na rangi inayobabuka nimezipata, ila nimeziweka pembeni hadi toleo lijalo. Mwezi huu wasomaji wa miji tofauti, wasiojuana, wameniandikia jambo lile lile: ofisi isiyo na kuta ambamo kila mtu anamsikia kila mtu. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mimi nilianza kwa kufunga spika misikitini na makanisani huko Tanga, ndipo nikaingia kwenye kazi ya kupima sauti majengoni. Yaani nimelipwa miaka mingi ili sauti isikike hadi safu ya mwisho. Watu wa maofisini wananilipa nifanye kinyume chake, na kazi yao ni ngumu zaidi.

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni moja ya bima hapa Upanga. Zamani tulikaa wawili wawili vyumbani, kwenye jengo la kizamani. Sasa tumehamishiwa ghorofa ya tano, ukumbi mmoja, watu 24, hakuna ukuta hata wa dawa. Chini marumaru, juu jipsamu, upande wa barabarani kioo kitupu. Watu sita wa huduma kwa wateja wamekaa mgongoni kwetu na simu haziishi. Ikifika kufunga hesabu za mwezi najumlisha safu moja mara tatu, na kila mara inatoa jibu lake. Nimepima kwa programu ya simu, inasoma kati ya 58 na 64. Bosi anasema tutazoea. Fundi mmoja kaleta bei ya vioo vya kutenganisha, mwingine kasema tubandike trei za mayai. Mwenye jengo hataki ukuta utobolewe. Ukumbi una mita 12 kwa 9, na kimo mita 3. Tufanyeje?*
— Mhasibu Aliyechoka, Upanga, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Umenipa urefu, upana na kimo cha chumba, na kwa hilo peke yake nakuweka wa kwanza. Wengi huniandikia "ofisini kwetu kuna kelele" basi, kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza.

Nianze na bosi wako. Hilo la kuzoea silikubali. Mvumo wa feni utauzoea, na magari ya Barabara ya Umoja wa Mataifa utayazoea. Mazungumzo ni kitu kingine. Mwaka 1976 watafiti wawili, Colle na Welsh, waliwapa wanafunzi herufi wazikumbuke kwa mpangilio, huku nyuma inasikika sauti ya mtu anayesoma Kijerumani, lugha wasiyoijua. Walikosea zaidi kuliko palipokuwa kimya. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba hata sauti ikipunguzwa, maadamu bado inasikika vizuri, madhara yanabaki karibu yale yale. Kinachovuruga ni kule kupanda na kushuka kwa silabi, sauti inayobadilika kila wakati. Na kinachovurugwa kuliko vyote ni kumbukumbu ya vitu vinavyofuatana. Sasa wewe kazi yako ni nini, kama si kushika kichwani tarakimu zinazofuatana? Mkatie bosi ukurasa huu umwekee mezani.

Ndiyo maana desibeli 58 na 64 zako (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) hazinisumbui sana. Programu ya simu inaweza kupotoka desibeli kadhaa, lakini hata ingekuwa sahihi isingekuambia lililo muhimu. Mtu akizungumza kawaida, ukisimama mita moja mbele yake unapata kama desibeli 60. Linalotuhusu ni umbali gani maneno yake yanasafiri yakiwa bado maneno. Kiwango cha kimataifa cha kupima ofisi wazi, ISO 3382-3, kinatafuta umbali huo hasa: kutoka alipo msemaji hadi mahali ambapo usikivu wa maneno, unaopimwa kwa alama za 0 hadi 1, unashuka chini ya 0.5. Toleo lake la 2012 linatoa mfano wa ofisi nzuri kuwa ni ile yenye umbali wa mita 5 au pungufu. Ukizidi mita 10, hiyo ni mbaya. Ukumbi wenu una mita 12. Nina wasiwasi kwamba kwenu maneno yanasimamishwa na ukuta tu.

Mnaweza kujipima wenyewe bila kumlipa mtu. Njooni Jumamosi, mwashe AC kama siku ya kazi. Mmoja akae kwenye meza ya huduma kwa wateja na asome maneno yasiyohusiana, kwa sauti ile ile anayotumia kwenye simu: ndoo, mgomba, Jumanne, karatasi, kisogo. Msisome habari ya gazetini, maana sentensi ikishaanza ubongo unajimalizia wenyewe. Wewe rudi nyuma mita moja moja ukiandika unachosikia. Pale makosa yanapoanza kuwa mengi, bandikeni utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni mwandike tarehe. Mtalirudia jaribio hili baadaye.

Kisha piga kofi moja katikati ya ukumbi. Nina hakika utasikia mkia: kofi limekwisha lakini sauti bado inazunguka kati ya marumaru na jipsamu. Mkia huo una hesabu yake, na hesabu hiyo tumeipata kwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu alikuwa hasikiki ndani yake. Usiku akawa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, anaipanga, anapuliza filimbi ya kinanda na kuhesabu kwa saa muda ambao sauti inachukua kufa, kisha mito inarudishwa kabla watu hawajaitafuta. Kilichotoka humo ni kanuni fupi: 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa ufyonzaji wake wote.

Tuifanye ya kwenu. Ujazo ni 12 mara 9 mara 3, sawa na mita za ujazo 324. Marumaru hufyonza kama asilimia 2 ya sauti inayoigonga, jipsamu iliyopakwa rangi asilimia 5, kioo 4, plasta 2. Weka na miili yenu, maana binadamu naye anafyonza, karibu mita ya mraba 0.4 mtu na kiti chake. Nikizidisha kila asilimia kwa eneo lake na kujumlisha vyote, napata karibu mita za mraba 21 tu. Jibu ni sekunde 2.5. Huo ndio muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60 baada ya msemaji kufunga mdomo. Makabati na meza vitaupunguza kidogo, lakini mimi kwenye ofisi ya namna hii sitaki uzidi 0.6 au 0.7.

Sasa angalia ni nini kinatokea ukitundika darini mita za mraba 60 za paneli zinazofyonza asilimia 90. Ufyonzaji unatoka 21 hadi kama 72. Sekunde 2.5 zinakuwa 0.7, na kelele ya jumla inashuka kama desibeli 5. Halafu kuna faida ya pili ambayo kwenye kanuni haimo. Daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujua. Wale sita wa huduma kwa wateja wanapaziana sauti wao kwa wao kutwa nzima. Chumba kikitulia, nao watashusha sauti bila kuambiwa na yeyote, wala hakuna haja ya lile tangazo la "TAFADHALI ZUNGUMZA TARATIBU" ambalo naamini tayari mmelibandika.

Kwa nini dari, si kuta? Dari ndilo eneo kubwa kuliko yote lisilo na kitu, na sauti ya mtu aliye mbali inafika mezani kwako kwa kugonga juu mara moja na kushuka. Ukiziba njia hiyo umeziba njia kuu. Tena mwenye jengo kakataza kuta, hakutaja dari. Muombeni kwa maandishi, mkiambatanisha mchoro, na mseme wazi kwamba waya zitashikwa kwenye zege iliyo juu ya jipsamu. Jipsamu yenyewe haibebi.

Paneli haina uchawi. Nendeni Keko kwa seremala yeyote mzuri, awatengenezee fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 5. Ndani weka rockwool, ile pamba ya mawe wanayofungia mabomba ya moto, ya uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Anayeikata avae glovu na barakoa, inawasha vibaya. Juu yake vuta kitambaa kinachopitisha hewa. Namna ya kukipima ni kukiweka mdomoni dukani na kupuliza: pumzi ikipita kwa urahisi, sauti nayo itapita. Kitenge cha pamba kinafaa kabisa, na ofisi itapendeza. Ngozi ya bandia ya makochi haifai hata kidogo, inarudisha sauti kama ukuta. Kila paneli itakuwa na uzito wa kama kilo 5. Itundikeni sentimita 20 chini ya jipsamu, isigusane nayo, kwa sababu ile nafasi ya hewa inasaidia kufyonza sauti nzito za kiume, na mgongo wa paneli nao unafanya kazi ukiachwa wazi na kufunikwa kitambaa tu. Paneli 83 ndizo zinazotimiza mita 60. Najua ni nyingi. Anzeni na 40, zote juu ya meza za huduma kwa wateja na zenu ninyi wahasibu, mrudie jaribio la Jumamosi ndipo muamue zilizobaki. Mkilinganisha bei ya seremala na ile ya vioo, sidhani kama bosi atasitasita.

Vioo vyenyewe vikataeni. Kioo kisichofika darini kinaacha maneno yapite juu, na uso wake unawaongezea mwangwi ambao tayari mnao. Mkitaka kitu kati ya meza, wekeni viambaza vya kimo cha mita 1.4 hadi 1.5 kutoka sakafuni vilivyovikwa rockwool na kitambaa pande zote mbili. Lakini baada ya dari, si kabla. Chini ya dari tupu kiambaza kinaficha uso tu.

Trei za mayai ndizo zinazonikera. Ni karatasi nyembamba; zinagusa kidogo sauti kali za juu na kuacha sehemu kubwa ya sauti ya binadamu ipite zake. Na zinawaka. Hata spongi za magodoro, ambazo kweli zinafyonza, sizitaki ukutani kwa mtu. Klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, iliungua mwaka 2003 na watu 100 wakafa. Klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil, iliungua 2013, wakafa 242. Kote kuwili fataki zilishika spongi ya kuzuia sauti. Pamba ya mawe haiwaki.

La mwisho halina gharama. Wageuzeni wale sita. Sauti ya mtu hutoka mbele zaidi kuliko nyuma, hasa zile konsonanti zinazofanya neno lieleweke. Kama sasa wanatazama migongo yenu, wahamishieni pembeni wakitazama ukuta wa mwisho, na kwenye ukuta huo muegemeze paneli chache za kusimama zisizohitaji kutoboa. Printa na kabati za mafaili ziwekwe katikati yenu na yao.

*Hujambo Bi Fundi? Naongoza timu ya waandishi wa programu za kompyuta hapa Westlands. Nimelalamika kuhusu kelele, na afisa wa usalama kazini akanijibu kwamba sheria yaruhusu desibeli 90 kwa saa 8, nasi tuko 62, kwa hivyo hakuna shida. Amependekeza tununuliwe hedifoni kila mtu asikilize muziki wake. Je, ni sawa?*
— Kiongozi wa Timu, Nairobi

Sijambo. Afisa wako kaisoma kanuni vizuri na kaitumia mahali pasipo pake. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kuzuia kelele mahali pa kazi zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8 ili mtu wa kiwandani asiwe kiziwi uzeeni. Masikio yenu ni salama. Kinachoharibika kwenu ni kazi, na hiyo kanuni ya usikivu haiigusi. Mwulize kama yeye angeandika ripoti yake kando ya mtu anayepanga harusi kwa simu.

Simu hasa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, maana kichwa kinahangaika kubashiri upande uliokosekana. Kwa hiyo kabla ya hedifoni wekeni kanuni ya nyumba: simu inayozidi dakika moja, mtu anainuka na kutoka. Lazima awe na pa kwenda, chumba kidogo cha mtu mmoja chenye mlango na pamba ya mawe ndani. Bila chumba hicho ile kanuni itakufa wiki ya pili.

Hedifoni sizikatai, ila muziki wenye maneno ni mazungumzo mengine uliyojinunulia. Utafiti wa Salamé na Baddeley wa mwaka 1989 ulikuta kwamba nyimbo za kuimbwa zinaharibu kumbukumbu ya mpangilio kuliko ala tupu. Mimi nikiwa na hesabu za kufanya sithubutu kuweka taarabu: beti mbili tu nimeshaacha kazi, natafuta nani anapigwa kijembe. Ala tupu, au mvumo wa mvua, inatosha. Na iwe hiari ya mtu. Kumvalisha mtu hedifoni kwa muda wa saa nane ili avumilie chumba kibovu ni kumhamishia yeye gharama ya kosa la msanifu.

*Bi Fundi, salaam. Chumba chetu cha mikutano ni cha vioo, kipya kabisa. Tukizungumzia mishahara, kesho yake ofisi nzima inajua. Mlango tunafunga. Sauti inapitia wapi?* — Afisa Utumishi, Dodoma

Inapitia juu na chini. Panda ngazi, inua kigae kimoja cha dari karibu na kile kioo, umulike kwa tochi. Nadhani utakuta kioo kimeishia kwenye dari na hapo juu pako wazi hadi chumba cha pili. Sauti inapenya dari, inavuka, inashuka upande wa pili. Inabidi uwazi huo uzibwe kwa jipsamu bodi mbili mbili hadi kwenye zege, na kila tundu la nyaya lijazwe silikoni. Kisha lala sakafuni uangalie chini ya mlango. Ukiona mwanga, na sauti inaona njia. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta unatosha kufanya ukuta mzima usizuie zaidi ya desibeli 20, hata kama kilichobaki ni zege. Weka raba kuzunguka mlango wote na ile ya chini inayoshuka mlango ukifungwa. Hadi hapo mishahara izungumzwe kwingine.

*Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Mhadhiri wetu anasifu ofisi wazi kwamba zinaleta ushirikiano. Ni nani aliyeanzisha, na je, ni kweli?* — Mwanafunzi, Arusha

Kumbi za makarani zilikuwepo tangu zamani, lakini hii unayofundishwa ilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ndugu wawili, Eberhard na Wolfgang Schnelle, waliokuwa na ofisi yao ya ushauri huko Quickborn, karibu na Hamburg. Walivunja vyumba na safu, wakapanga meza kufuata mtiririko wa karatasi: anayempa nani kazi akae karibu na nani. Lakini waulize walitandika nini. Mazulia sakafu nzima, dari za kufyonza sauti, viambaza, mimea mingi. Wazo lilipokuwa linasafiri, kila aliyelipokea alipunguza kitu kimoja ili bei ishuke. Kwetu limefika meza tu, juu ya marumaru.

Mmarekani Robert Propst alijaribu kuwapa watu faragha kidogo. Mwaka 1968 kampuni ya samani ya Herman Miller ikauza mfumo wake wa Action Office II wa viambaza vya kuunganisha, vilivyokusudiwa kufunguka kwa pembe pana. Wanunuzi wakavikunja pembe mraba ili watu wengi waenee, na Propst mwenyewe hakupendezwa na matokeo.

Kuhusu ushirikiano, mpe mhadhiri wako, kwa adabu, utafiti wa Bernstein na Turban wa mwaka 2018. Walizivalisha vifaa vya kurekodi timu za kampuni mbili kubwa za Marekani kabla na baada ya kuta kuondolewa. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Mimi sioni ajabu. Mtu akijua kila neno lake linasikika na watu ishirini, atauliza swali lake kwa kuandika. Sisemi ofisi wazi ni mbaya daima. Dawati la habari linaihitaji, na timu ya watu sita wanaofanya jambo moja huisifu. Ubaya ni kumchanganya anayezungumza kwa kazi na anayefikiri kwa kazi, kisha kuuita ushirikiano.

*Assalaam aleikum Bi Fundi. Tuko Mombasa mjini. AC zetu za zamani zilikuwa zanguruma, wenyewe twazilaumu. Tumebadilisha zote, hizi mpya hazisikiki kabisa. Ajabu ni kwamba tangu hapo ofisi imekuwa na kelele zaidi! Mwenzangu akipiga simu upande wa pili nasikia hata jina la mkewe. Je, ni mawazo yangu tu?* — Msomaji, Mombasa

Wa aleikum salaam. Si mawazo yako. Mlikuwa na kinga, mkailipa kampuni iiondoe.

Kila mkazi wa pwani ameshaliona jambo hili umeme unapokatika. AC inazima, feni zinasimama, na kwa dakika nzima kabla jenereta haijashika, ghafla unasikia kila kitu: mtu anatafuna karanga meza ya tatu, kalamu inabofywa, minong'ono ya kule mapokezi. Hakuna aliyepandisha sauti. Kilichoondoka ni ule mvumo uliokuwa unajaza mabonde kati ya silabi. Mabonde yakijazwa, neno linabaki kuwa sauti isiyo na umbo, na sikio linaliachia lipite.

Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za ng'ambo huweka spika darini zinazotoa mvumo laini kwa makusudi. Sijui niseme ni jambo la kuchekesha au la kusikitisha, kwanza kununua kimya, halafu kununua kelele ya kukifunika. Lakini inafanya kazi ikifanywa kwa vipimo. Mvumo uwe kati ya desibeli 40 na 45. Ukizidi hapo watu wanaanza kupandisha sauti nanyi mtakuwa mmerudi mlikotoka. Uwe mzito chini na uzidi kufifia kadiri unavyopanda kwenye sauti kali. Ule mchakacho mtupu wa redio isiyoshika stesheni unachosha kichwa saa moja tu. Uenee sawa ukumbi mzima, kwa spika nyingi ndogo zilizotazama juu ndani ya dari, asiwepo mtu wa kusema "ile spika". Na upandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiuwasha wote Jumatatu asubuhi, kufika saa nne utakuwa umeombwa uuzime.

Ila usianze na spika. Piga kofi kwanza. Kama mkia ni mrefu, fanyeni kama nilivyomwelekeza mhasibu wa Upanga, kwa sababu mvumo kwenye chumba chenye mwangwi unaongeza fujo juu ya fujo. Kwa unyevu wa Mombasa acheni nafasi ya hewa nyuma ya paneli, msizigandishe ukutani. Pamba ya mawe haiozi, lakini kitambaa kinaota ukungu. Kwa sasa, kabla hamjatumia shilingi, ombeni fundi wa AC apandishe kasi ya feni ya zile mashine ngazi moja. Mpime. Inawezekana kabisa hiyo ikatosha, na mwenzako akabaki na siri ya jina la mkewe.

*Bi Fundi, je paneli hizo zitatuondolea kelele ya jenereta lililo chini ya dirisha letu?* — Ofisi ya ghorofa ya kwanza, Mwanza

Hapana. Jenereta la silinda nne linalozunguka mara 1,500 kwa dakika linatoa mdundo wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita 7. Paneli ya sentimita 5 hailioni kabisa. Hapo dawa ni uzito, tena huko huko chini: ukuta wa tofali zilizojazwa, karibu na mashine kadiri inavyowezekana na mrefu kiasi kwamba ukichungulia dirishani usiione mashine. Ndani ya ukuta bandika pamba ya mawe na waya wa kuku juu yake. Chini ya jenereta weka springi au raba nene, maana mkiweka mikono mezani na mkahisi mtetemo, basi sauti inapanda kupitia nguzo, si dirishani. Acheni njia ya hewa ya kutosha isije ikachemka, na bomba la moshi mlipandishe hadi juu ya paa, mbali na madirisha yote, hata kabla hamjaanza kujenga huo ukuta.